Damu, Maziwa na Maji ya Kahawa: Majibu kwa Madai Saba

Mwanza ina viwanda vya minofu ya sangara. Vingunguti, jijini Dar es Salaam, ina machinjio. Kilimanjaro, Mbinga na Nyeri zina mitambo ya kumenya kahawa, na Tanga na Kiambu zina viwanda vya maziwa. Viwanda hivi vinawalisha watu, vinaajiri vijana na kumpa mfugaji, mvuvi na mkulima soko. Nataka viwepo, tena viongezeke. Ninachokipinga ni ile hali ya kiwanda kung'ara mbele, kwenye mlango wa wateja, huku nyuma kukiwa na bomba linalomwaga lolote lililobaki kwenye mto, ziwa au mtaro wa jirani.

Bomba hilo lina watetezi wake, na madai yao nimeyasikia kwa wenye viwanda, kwa mafundi na hata kwa viongozi wa mitaa. Baadhi yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yamedumu. Nitayajibu moja baada ya jingine. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kinachoua mto ni chakula kilichopotea kiwandani, na kazi kubwa ya kukizuia hufanyika sakafuni, kabla maji hayajaugusa mfereji.

Dai la kwanza: "Ni mabaki ya chakula tu. Hayana sumu, samaki watayala."

Ni kweli kwamba maziwa hayana sumu kikombeni. Yakiingia mtoni mambo hubadilika. Bakteria huyavamia, huongezeka kwa kasi, na katika kuyala hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, ileile anayoitegemea samaki. Maabara hupima uzito wa mzigo huo kwa kipimo kinachoitwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watahitaji ili kumaliza uchafu uliomo katika lita moja ya maji. Majitaka ya nyumbani huwa na BOD ya miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Maziwa hufika kama 100,000. Damu huweza kuvuka 150,000.

Tuchukue ng'ombe mmoja. Akichinjwa vizuri hutoa damu ya lita 10 hadi 15. Tuseme 12. Kila lita inadai gramu 150 za oksijeni, kwa hiyo ng'ombe huyo mmoja anadai kilo 1.8. Lita moja ya maji safi ya mto, katika joto letu, hubeba takriban miligramu 7 tu za oksijeni. Gawanya, utaona kwamba damu ya ng'ombe mmoja inaweza kumaliza oksijeni yote iliyomo katika lita 250,000 za maji. Kwa kipimo kingine, mtu mmoja huzalisha uchafu wenye BOD ya kama gramu 40 kwa siku. Damu ya ng'ombe mmoja iliyoachwa mferejini ni sawa na majitaka ya siku nzima ya watu 45. Machinjio madogo ya wilayani yanayochinja ng'ombe 20 kila alfajiri na kuiachia damu yote yamemwaga mzigo wa kijiji chenye watu 900.

Na si kila kinachotoka kwenye chakula kinakosa sumu. Muhogo mchungu ukikunwa na kukamuliwa ili kutengeneza wanga, maji yake hubeba sianidi. Mbuzi akiyanywa anaweza kufa, na samaki pia. Anayesema "ni vitu vya asili tu" amesahau kwamba mama zetu waliuloweka na kuuanika muhogo huo kwa sababu waliijua hatari yake.

Dai la pili: "Ziwa ni kubwa, mto una maji mengi. Uchafu utazimuliwa."

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na ukisimama ufukweni ni rahisi kuamini kwamba hakuna kinachoweza kulidhuru. Lakini kiwanda hakimwagi katikati ya ziwa. Kinamwaga ukingoni, kwenye ghuba. Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, ina kina kifupi na imeunganishwa na ziwa kuu kwa mlango mwembamba wa Rusinga, kwa hiyo maji yake hayabadilishwi upesi. Ziwa lote lina njia moja tu ya kutokea, Mto Nile pale Jinja. Kilichoingia hukaa miaka mingi.

Ukingo huohuo ndio tunaouishi. Samaki wengi huzaliana kwenye matete ya kandokando, watoto huoga hapo, na Mwanza huvuta maji ya kunywa kutoka ziwa hilohilo pale Capri Point. Oksijeni yenyewe haina akiba kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2022, wafugaji wa sato wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi baada ya maji ya chini yenye oksijeni haba kupanda juu. Sivilaumu viwanda kwa tukio lile. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi samaki wanavyoishi karibu na mpaka wa kukosa pumzi. Kila mzigo mpya unausogeza mpaka huo.

Hesabu ya kuzimua nayo haisaidii. Kanuni za viwango vya maji za Tanzania za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayoingia kwenye mazingira yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita, na kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kiwango hichohicho. Kiwanda chenye majitaka ya BOD 3,000 kingehitaji maji safi mara mia ili kushuka hadi 30. Kikitoa lita 100,000 kwa siku, kingehitaji takriban lita milioni 10. Hakuna mamlaka ya maji itakayoyatoa maji hayo, na hata yangepatikana, kilo za uchafu zingebaki zilezile.

Dai la tatu: "Tuna mashimo ya majitaka. Yanayotoka juu ni meupe."

Shimo la vyumba viwili au vitatu lilibuniwa kwa ajili ya nyumba. Kazi yake ni kutuliza tope lizame na mafuta yaelee. Kwa majitaka ya chakula, sehemu kubwa ya mzigo imeyeyuka ndani ya maji: sukari ya kahawa, protini ya damu, laktosi ya maziwa. Vitu hivyo havizami wala havielei. Vinapita katikati na kutoka vikiwa vizima, hata kama maji yanaonekana yamepungua rangi.

Kahawa inaonyesha jambo hili vizuri. Kwenye mtambo wa kumenya, maji yanayobeba utelezi wa mbegu hutoka yakiwa na sukari nyingi. Yakikaa yanachachuka, uchachu unaongezeka hadi pH ya karibu 4, kisha yanageuka rangi na kuwa meusi. Yaliyorudishwa kwenye mashine mara kadhaa huweza kuwa na mzigo wa BOD ya 20,000. Ukiyatia kwenye shimo la kuyafyonza ardhini, wiki za kwanza yanapotea vizuri. Baadaye utelezi unaziba vitundu vya udongo, shimo linafurika katikati ya msimu, na maji yanatafuta njia ya kwenda kijitoni. Watu wa bondeni wanaujua msimu wa kahawa kwa harufu ya kijito chao. Pua na macho havipimi majitaka. Yanapimwa maabara.

Dai la nne: "Tutatia klorini, kila kitu kitakufa."

Klorini huua vijidudu. Haiondoi damu, mafuta wala sukari. Kumwaga klorini kwenye majitaka mabichi ni kama kujipaka manukato bila kuoga: harufu inapungua kwa muda, na mwili ni uleule. Tena klorini ikikutana na uchafu mwingi huishia kupambana na uchafu huo kabla haijavifikia vijidudu. Ikikutana na amonia iliyomo kwenye damu na mkojo, hutengeneza kloramini, ambazo ni hatari kwa samaki hata zikiwa kidogo. Na kama kiwanda kina mtambo unaotegemea bakteria, klorini iliyozidi huwaua wafanyakazi hao wasiolipwa mshahara.

Viwanda vya maziwa vina mtihani wa namna hii kila siku. Mabomba husafishwa kwa soda kali, kisha kwa asidi, kisha kwa dawa ya kuua vijidudu. Kwa saa moja maji yanayotoka yana pH ya 12, saa inayofuata ya 2. Dawa hizo ni za lazima, kwa sababu bila hizo maziwa yatamdhuru mnywaji. Kinachotakiwa ni tangi kubwa la kusawazisha, ambamo soda ya asubuhi inakutana na asidi ya mchana na kupunguzana makali kabla ya hatua nyingine yoyote. Kiwanda kisicho na tangi hilo hakiwezi kuwa na mtambo wa majitaka unaofanya kazi, hata kingenunua mtambo wa bei gani.

Dai la tano: "Mtambo ni ghali. Mkitubana, tutafunga na watu watakosa kazi."

Hili ndilo dai zito, kwa sababu limebeba mkate wa watu. Nalijibu kirefu.

Anayelitoa huwa anafikiria saruji, pampu na mafundi kutoka ng'ambo. Anaanzia mwisho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na viwanda vingi havina daftari la maji yake. Mita ni moja getini, na hakuna anayejua ni chumba gani kinakula nini. Funga mita ndogo kwa kila sehemu, andika kila zamu lita ngapi zimetumika kwa tani ngapi zilizosindikwa, na ndani ya mwezi utajua pesa inavuja wapi.

Kisha nenda sakafuni. Kwenye chumba cha kukatia minofu, zamu ikisimama, sakafu imejaa vipande vya ngozi, mafuta na nyama ya pembezoni. Mfanyakazi anashika mpira wa maji na kuvisukuma vyote hadi kwenye mfereji. Nguvu ya maji inavikatakata vipande, mafuta yanachanganyika, damu inayeyuka. Vikishayeyuka hakuna wavu utakaovikamata. Sasa mpe mfanyakazi huyohuyo ufagio wa mpira na beleshi. Avikusanye vipande vikiwa vikavu, avitie kwenye pipa, ndipo afungue maji. Mkononi awe na kichwa cha mpira kinachojifunga mwenyewe akikiachia, na kwenye mdomo wa kila mfereji kuwe na kikapu cha wavu ambacho hakitolewi mpaka msimamizi amekiona. Gharama yake ni ndogo, na kilichomo kwenye pipa kinauzika kama chakula cha kuku. Mwanza inaelewa biashara hii kuliko mji wowote: minofu ni chini ya nusu ya sangara, na kilichobaki, mapanki (vichwa na mifupa), mabondo (vibofu vya hewa), ngozi na mafuta, chote kina mnunuzi. Anayekipeleka mferejini anamwaga bidhaa.

Machinjioni sheria ni damu kwanza. Mnyama aachwe aning'inie dakika za kutosha damu yote itiririke kwenye mkondo wake wa pekee, uende kwenye pipa, na tundu la mfereji wa maji lizibwe wakati huo. Damu ikichemshwa na kukaushwa hutoa unga wenye protini ya karibu asilimia 80 kwa ajili ya mifugo. Nyasi za tumboni zitolewe kavu, zisioshwe kwa maji. Kwenye maziwa, mabomba yaachwe yachuruzike kabla ya suuza ya kwanza, na suuza hiyo yenye maziwa ikusanywe kwa ajili ya wafuga nguruwe. Kiwanda kinachopokea lita 10,000 na kupoteza asilimia 2 kimepoteza lita 200 alizolipwa mfugaji, na kimemwaga mzigo wa siku wa watu 500. Hasara mbili kwa mpigo mmoja. Kwenye kahawa, mashine mpya za kumenya zinazotumia maji kidogo zimeyashusha matumizi kutoka maelfu ya lita kwa tani ya matunda hadi lita mia kadhaa.

Ukimaliza hayo, mtambo unaohitajika ni mdogo kuliko ule uliokutisha. Hapo tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Bakteria wasiohitaji hewa, wale wanaotengeneza biogesi, hupenda joto. Ulaya hulipia nishati ili kuwapasha moto wakati wa baridi. Kisumu na Dar es Salaam jua linawapasha bure. Kila kilo ya uchafu inayooza kwenye tangi lililofungwa, ikipimwa kwa oksijeni inayohitajika kuiunguza, huweza kutoa hadi mita za ujazo 0.35 za metheni, na mita moja ya ujazo ya metheni ina joto la karibu lita moja ya dizeli. Kiwanda kinachoondoa kilo 500 kwa siku, kwa hesabu ya juu kabisa, kingepata joto la lita 175 za dizeli kila siku. Hata ukipata nusu yake, boila inafurahi.

Haya yamefanyika hapahapa. Kiserian, kaunti ya Kajiado, machinjio ya Keekonyokie yaligeuza damu na samadi ya tumboni kuwa biogesi, na gesi hiyo ikajazwa kwenye mitungi. Naivasha, mwaka 2015, mtambo wa Gorge Farm, wenye uwezo wa zaidi ya megawati 2, ulianza kutumia mabaki ya mboga kuzalisha umeme. Baada ya tangi la gesi, mabwawa ya kutibu majitaka na vitanda vya changarawe vilivyopandwa matete humalizia kazi bila umeme mwingi, ilimradi ardhi ipo na mtu wa kuvitunza yupo.

Kuhusu ajira, wapo wafanyakazi wengine ambao hawahesabiwi: mvuvi wa kando ya mto uliokufa, mkulima wa mchicha, mfugaji wa sato. Gharama ya majitaka hulipwa siku zote. Tunabishana tu juu ya nani anailipa.

Dai la sita: "Tunayamwaga shambani. Ni mbolea."

Chembe ya ukweli ipo, tena kubwa. Majitaka ya chakula yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na katika nchi zenye ukame kuyatupa maji ni dhambi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 miongozo ya kutumia majitaka katika kilimo, kwa hiyo jambo lenyewe linakubalika.

Linakubalika kwa masharti. Maji ya chumvi kutoka kwenye samaki na ngozi zilizotiwa chumvi huikausha mimea. Sodiamu kutoka kwenye soda ya kusafishia huvunja udongo wa mfinyanzi hadi ukawa mgumu usiopitisha maji. Mafuta huziba vitundu vya ardhi. Maji machachu ya kahawa yanaunguza mizizi. Naitrojeni iliyozidi mahitaji ya mmea huzama chini na kutokea kwenye kisima kama naitreti, ambayo ni hatari hasa kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Anayesema kweli kwamba anatia mbolea anajua anatia kiasi gani, kwa zao gani, kwenye eka ngapi, na shamba linapumzika lini. Ameyatibu maji kwanza, ameitenga chumvi, na hayamwagii kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Asiye na majibu hayo anatupa majitaka kwenye shamba badala ya mto.

Dai la saba: "Wachafuzi wakubwa ni wengine, na sisi cheti tunacho."

Wachafuzi wengine wapo. Sehemu kubwa ya fosforasi inayolilisha gugumaji na mwani wa Ziwa Victoria hutoka kwenye mmomonyoko wa mashamba, majitaka ya miji, na hata hewani, kwa vumbi na moshi wa kuchoma nyika. Asiyelikubali hili hafai kusikilizwa. Lakini mmomonyoko unatoka kwenye mashamba ya mamilioni ya watu, na kuudhibiti ni kazi ya kizazi. Bomba la kiwanda ni moja, lina mwenyewe, lina anwani. Ni sehemu ya tatizo inayoweza kurekebishwa mwaka huu. Tena mzigo wake hautawanyiki: unashuka mahali pamoja, siku moja, kwenye kijito kimoja.

Na cheti? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 na ile ya Kenya ya mwaka 1999 zinataka tathmini ya athari kabla ya kujenga. Mamlaka za mazingira za nchi hizo hutoa vyeti, na kwa Tanzania bodi za maji za mabonde hutoa vibali vya kutiririsha majitaka. Kibali hakisemi kwamba kiwanda ni kisafi. Kinaorodhesha masharti ambayo kiwanda kimeahidi kuyatimiza kila siku. Ahadi hiyo haiwezi kupimwa kwa chupa moja iliyojazwa saa nne asubuhi, siku ambayo kila mtu alijua mkaguzi anakuja. Sakafu huoshwa zamu ikiisha, mara nyingi usiku. Kipimo cha haki ni sampuli zinazochukuliwa kila saa kwa saa 24 na kuchanganywa kulingana na mtiririko, tena bila taarifa. Na mkaguzi aangalie bili ya umeme: mtambo wenye mashine za kupuliza hewa ambao bili yake haipandi umezimwa.

Ninachodai, kwa hiyo, ni mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji teknolojia ambayo hatuna. Kila kiwanda cha chakula kipime maji yake kwa tani ya bidhaa. Kikusanye mabaki yakiwa makavu kabla ya kuosha, na damu isiguse mfereji. Kiwe na mtu aliyefunzwa, mwenye jina na mshahara, anayeusimamia mtambo wa majitaka mchana na usiku, kama kilivyo na mtu wa boila. Na kila mwezi kibandike getini vipimo vya maji yanayotoka, kwa Kiswahili, ili mama anayechota maji chini ya bomba avisome mwenyewe. Mwenye kiwanda ambaye hana cha kuficha atapata sifa bure kwa karatasi hiyo. Anayeikataa atakuwa ametujibu.